Karatasi Iliyofika Berlin: Safari ya Antonín Dvořák kutoka Kijijini hadi Kumbi za Dunia

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya walimu wa kwaya, watunzi na wapiga kinanda waliokutana hapa jijini Mwanza. Naiweka nzima kwa ajili ya wenzetu wa Ukerewe, Geita na Bukoba ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Waheshimiwa viongozi wetu wa dini, ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, watunzi, wapiga kinanda na wanakwaya wote: Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Kwa wageni wetu Waislamu waliokuja kwa sababu ya kupenda muziki tu, asalaam aleikum. Na kwa wazee wa Kisukuma walioketi pale mbele, mwangaluka.

Nawashukuru kwa kuja. Nawashukuru zaidi ndugu zetu wa Sengerema, ambao tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe wamepoteza kile kisingizio chao cha zamani cha kuchelewa kivuko, na leo wamefika kabla ya wenyeji wa Nyamagana.

Nimeombwa nizungumzie namna mtunzi wa mahali padogo anavyoweza kujulikana duniani. Ndilo swali ambalo vijana huniuliza kila ninapomaliza mazoezi: "Mwalimu, nifanyeje ili nyimbo zangu zivuke Mwanza?" Na mara nyingi anayeuliza ameshajijibu moyoni mwake. Anaamini kwamba jibu ni kuhamia Dar es Salaam, au kupata studio kubwa, au kupiga video yenye mavazi mapya. Je, ndivyo ilivyo? Leo nitajibu kwa maisha ya mtu mmoja, Mcheki aitwaye Antonín Dvořák, aliyezaliwa tarehe 8 Septemba 1841 katika kijiji cha Nelahozeves, kando ya mto Vltava, kaskazini ya Prague.

Kwa nini yeye, na si Mozart ambaye kila mtu humtaja? Kwa sababu Mozart hatusaidii. Mozart alizungushwa na baba yake mbele ya wafalme wa Ulaya tangu akiwa mtoto. Dvořák alikuwa mtoto wa mchinja nyama mwenye kilabu cha kijijini, na alifikisha umri wa miaka 36 kabla jina lake halijaanza kutajwa nje ya nchi yake. Yule wa kwanza tunamshangaa. Huyu wa pili tunaweza kukaa naye mezani na kumwuliza: ulifanyaje?

Nami nasema, na nitalirudia neno hili mpaka mlichoke: nyimbo za Dvořák zilisafiri kwa karatasi na kwa kwaya. Zilisafiri kwa karatasi, yaani kwa nota zilizoandikwa, zikafika mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa amekanyaga. Zilisafiri kwa kwaya, yaani kwa midomo ya watu wa kawaida kama ninyi mlioketi hapa.

Habari za utoto wake nitazipita haraka. Baba yake alichinja, aliuza vinywaji na alipiga ala ya nyuzi iitwayo zitha, na mtoto wa kwanza alitarajiwa kurithi buchari. Kilichombadilishia njia ni mwalimu wa mji mdogo wa Zlonice, Antonín Liehmann, aliyemfundisha kinanda, fidla na kanuni za upatanisho wa sauti. Mwaka 1857 akaingia Shule ya Ogani ya Prague, akahitimu mwaka 1859, akaomba kazi ya kupiga kinanda kanisani, akaikosa. Basi akaingia kwenye bendi iliyopiga muziki mahotelini na kwenye dansi. Bendi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa okestra ya jumba la maonyesho la Wacheki mwaka 1862, na humo Dvořák alipiga viola mpaka mwaka 1871.

Hebu tutulie kidogo kwenye hiyo viola. Viola ni ala ya nyuzi ya jamii ya fidla, nayo ni ala ya katikati. Haichukui melodi kama fidla za kwanza, wala haishiki msingi kama besi. Anayeipiga anakaa ndani kabisa ya muziki, na kwa muda wote wa opera anasikia kila sauti inavyojengwa juu na chini yake. Wale wa sauti ya pili na ya tatu, ambao kila mara mnalalamika kwamba walimu wetu wanawapa mistari isiyovutia, mnanielewa? Huyu bwana alikaa katika mistari isiyovutia kwa miaka mingi, na muda huo wote alikuwa akisoma shule ambayo hakuna chuo kingeweza kumpa. Usiku alipiga nyimbo za wengine, mchana alitunga za kwake, na nyingi kati ya hizo alizichoma moto.

Sasa nije kwenye karatasi. Mwaka 1865, akiwa na miaka 23, alimaliza simfonia yake ya kwanza, yaani utungo mrefu wa okestra, akaituma Ujerumani kwenye mashindano. Haikushinda, na wala haikurudishwa. Na je, alibaki na nakala? Hakubaki na nakala. Yeye mwenyewe aliihesabu miongoni mwa kazi zilizopotea. Kumbe mwaka 1882 mtu mwingine kabisa, aitwaye Rudolf Dvořák, wala si ndugu yake, aliyakuta maandishi yale katika duka la vitabu vikuukuu mjini Leipzig, akayanunua, akayaweka nyumbani. Habari zake zilijulikana mwaka 1923. Simfonia hiyo ilipigwa kwa mara ya kwanza mjini Brno mwaka 1936, miaka 32 baada ya mtunzi wake kuzikwa. Hakuisikia hata siku moja!

Nimeanza na hasara hii kwa makusudi, kwa sababu ina pande mbili. Upande mmoja ni uzembe wa kutokuwa na nakala, na hapa namwona kila mmoja anamtazama jirani yake. Ni wangapi humu ndani nyimbo zenu ziko ndani ya simu moja tu, simu yenye kioo kilichopasuka, ambayo mnapanda nayo mtumbwi? Upande wa pili ni huu: karatasi ile, pamoja na uzembe wote huo, iliishi. Kama Dvořák angekuwa ameishika kichwani simfonia ile, leo isingekuwapo.

Na sisi Watanzania tunao ushahidi wetu, kila asubuhi shuleni. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule na mwongoza kwaya karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga wimbo ambao melodi yake ndiyo ya wimbo wetu wa taifa. Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana, wala hakujua kwamba nchi zingesimama wima kwa ajili ya wimbo wake. Ulibebwa na kwaya kutoka mkutano hadi mkutano, na mwaka 1912 ukaimbwa katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwalimu wa kwaya alitunga, na kwaya zikabeba. Nilisemaje? Karatasi na kwaya.

Turudi Prague. Watu hupenda kusema kwamba Dvořák aligunduliwa na Wajerumani. Si kweli. Aligunduliwa kwanza nyumbani, na waliomgundua walikuwa wanakwaya. Tarehe 9 Machi 1873, chama cha waimbaji cha Prague kiitwacho Hlahol, kikiwa na waimbaji wapatao 300, kiliimba utenzi wake wa kizalendo wenye shairi la Vítězslav Hálek. Waimbaji hao walikuwa watu wenye kazi zao za mchana, waliokutana jioni kufanya mazoezi. Dvořák alikuwa na miaka 31, na siku ile ndipo Wacheki walipojua kwamba yule mpiga viola ni mtunzi. Wakati huo nchi yao ilikuwa chini ya dola ya Austria, Kijerumani kikiwa lugha ya ofisi na ya wakubwa, kwa hiyo kwaya kubwa iliyoimba Kicheki ilikuwa inasema jambo zaidi ya nota.

Mwaka uleule wa 1873 akapata fedheha. Jumba la maonyesho lilianza mazoezi ya opera yake iitwayo Mfalme na Mchoma Mkaa, waimbaji wakashindwa, ikarudishwa kwa mwenyewe kwamba ni ngumu mno, haiimbiki. Mtunzi wa kwetu angefanyaje? Nawafahamu. Angehama kwaya! Angesema kamati ina wivu, angekwenda kigango cha pili, na huko angeanzisha mtafaruku mwingine. Dvořák alikaa chini, akachukua maneno yaleyale ya opera, akayatungia muziki mpya kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nasema mpya, maana hakurekebisha ule wa zamani. Tarehe 24 Novemba 1874 opera hiyo ikaonyeshwa, na watu wakaipokea vizuri.

Wakati huo alikuwa ameoa, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Vojtěch kwa mshahara mdogo, na alifundisha piano nyumbani kwa watu. Serikali ya Austria ilikuwa na ruzuku kwa wasanii vijana maskini. Ili kuipata ulitakiwa kuthibitisha kwamba huna mali na kuambatisha kazi zako. Dvořák aliambatisha kazi 15, zikiwamo simfonia mbili. Hebu fikirini jopo la Vienna lilivyofungua kifurushi kile! Mwanzoni mwa mwaka 1875 wakampa gulden 400, fedha ya Austria ya wakati huo, na akaendelea kuomba katika miaka iliyofuata. Mmoja wa waliokaa katika jopo hilo alikuwa mhakiki Eduard Hanslick, na mwingine aliyekuja kuzisoma kazi zake alikuwa Johannes Brahms.

Hapa ndipo karatasi ndogo inapoingia. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Prague aitwaye Jan Neff, ambaye Dvořák aliwafundisha watoto wake piano. Familia hiyo ilipenda kuimba jioni nyumbani, ikamwomba mwalimu awatengenezee nyimbo za watu wa Moravia ziwe za sauti mbili. Mwalimu akayachukua mashairi ya watu wa Moravia lakini akatunga melodi zake mwenyewe. Neff akazipenda, akagharimia uchapaji mwaka 1876. Nyimbo za watu wawili na piano, zilizotungwa kwa ajili ya sebule ya mtu. Hakuna aliyedhani kwamba ndizo zitakazovuka mpaka.

Dvořák alipoomba tena ruzuku mwaka 1877 alizitia ndani ya maombi. Brahms akazisoma. Mwezi Desemba mwaka huo Brahms akamwandikia mchapishaji wake wa Berlin, Fritz Simrock, kwamba nyimbo hizi zinafaa kuchapishwa, kwamba huyu ni mtu mwenye kipaji kikubwa, tena ni maskini. Mwaka 1878 Simrock akazichapisha, na mtunzi hakulipwa kitu. Kisha Simrock akamwagiza ngoma za Kislavoni za piano ya watu wawili, akamlipa marki 300. Tarehe 15 Novemba 1878 mhakiki wa Berlin, Louis Ehlert, akaandika gazetini kuhusu nyimbo zile na ngoma zile. Watu wakayavamia maduka ya nota. Ndani ya siku chache, jina ambalo Berlin haikulijua likawa linaulizwa kila mahali.

Sasa naomba tusikimbilie kusema "alibahatika". Bahati ni ile barua ya Brahms, sikatai. Lakini Brahms alisoma nini? Alisoma kurasa zilizoandikwa kwa usafi, zikakamilika, zikatiwa ndani ya bahasha kwa wakati uliotakiwa, na mtu aliyekuwa na kazi tatu na watoto wadogo. Wangapi kati yetu tukiambiwa leo kwamba kuna mtu mkubwa anataka kuona kazi zetu kabla ya Ijumaa, tungekuwa na nyimbo kumi zenye sauti zote nne, maneno chini ya kila nota, na jina juu?

Na tusipite bila kumtazama Brahms. Alikuwa mkubwa kuliko watunzi wote wa Vienna wa wakati ule. Hakumwogopa kijana wa Prague. Miaka mingi baadaye, Dvořák alipokuwa Marekani na nota zake zikichapwa Berlin, Brahms ndiye aliyeketi akasahihisha makosa ya uchapaji wa kazi za mwenzake, kazi ambayo humpa mwalimu wa shule mwenyewe usingizi. Mtunzi mkubwa wa kwaya ya jirani yako aliwahi kukufanyia hivyo? Wewe je, uliwahi kumfanyia nani?

Kitu gani kilikuwa ndani ya ngoma zile hata Berlin ikapagawa? Hapa nawaomba wazee wa Kisukuma wanisikilize vizuri. Dvořák hakunakili nyimbo za kijijini kwao. Melodi zilikuwa zake. Alichochukua ni mapigo. Kuna ngoma yao ya kasi iitwayo furiant, ambayo mguu unasikia mbili mbili wakati hesabu inasema tatu tatu, na mchezaji anayumba katikati. Kuna na dumka, iliyotoka kwa ndugu zao Waslavoni wa Ukraine, inayohama ghafla kutoka huzuni hadi shangwe. Ngoma za kwao alizikulia, alizipiga kwenye dansi alipokuwa na bendi ya mahotelini, zikaingia damuni, na alipokaa kutunga zilitoka zenyewe.

Ndugu zangu, Bujora iko mwendo mfupi tu kutoka hapa. Pale Kisesa, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika, alikusanya ngoma, nyimbo na historia ya Wasukuma, akaanzisha makumbusho katika miaka ya 1950, na ngoma zikaingia kanisani wakati ambapo mahali pengi zilihesabiwa kuwa za kishenzi. Hadi leo, sikukuu ya ngoma ya Bulabo ikifika mwezi Juni, yale makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, yanashindana, na ngoma ya bugobogobo inapigwa majembe yakirushwa juu. Nenda kasimame karibu na wapiga ngoma, usitazame majembe, usikilize mikono yao. Mmoja anashika mapigo ambayo mwingine anayakataa, na wachezaji hawapotei. Halafu rudi Jumapili usikilize kwaya zetu. Nusu ya nyimbo ni mapigo manne yaliyonyooka, kinanda kimewekewa mdundo wa dukani, ule unaobonyezwa kitufe, uleule unaosikika Mbeya, Nairobi na Kampala. Kwa nini Berlin ikuvamie dukani kwa kitu ambacho tayari inacho?

Sisemi kila wimbo uwe ngoma. Nasema kwamba lile tunaloliona la kishamba ndilo ambalo mgeni hana.

Nije kwenye jambo ambalo watunzi wetu hulikimbia: jina na bei. Simrock alikuwa Mjerumani wa Berlin, na alitaka jina lichapwe kwa Kijerumani, Anton. Dvořák alitaka Antonín. Walivutana miaka. Mwisho wakapatana kwenye kifupisho, Ant., ambacho kila mmoja angeweza kukisoma apendavyo. Mnacheka, lakini mtu huyu aliandika barua kwa ajili ya herufi chache. Alimwambia mchapishaji wake kwamba msanii naye ana nchi yake ambayo lazima aiamini na kuipenda. Na kwenye bei: alipokamilisha simfonia yake ya saba, Simrock alitaka kumpa marki 3,000. Yule wa marki 300 za mwaka 1878 akataka 6,000, akang'ang'ana, akazipata. Simrock alipompa marki 1,000 tu kwa simfonia ya nane, aliichukua akawapa wachapishaji Novello wa London.

Sasa nionyesheni nota mlizo nazo mikononi. Ndiyo, inueni. Nimeokota hii kwenye kiti kabla sijaanza. Ni fotokopi ya fotokopi. Sauti ya tatu kwenye ukurasa wa pili imefifia, mtu amejazia kwa kalamu ya bluu, na amejazia vibaya. Pale juu, mahali pa jina la mtunzi, mashine imekata. Ilikatwa labda Shinyanga, labda Tabora, hatujui. Wimbo huu nauimba miaka yote na sijui ni wa nani. Mtunzi wake anaweza kuwa ameketi humu ndani. Tunalalamika kwamba dunia haitujui, na sisi wenyewe tunakatana majina kwenye mashine ya fotokopi!

Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ipo ofisi ya COSOTA inayosajili kazi. Sheria hiyo inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Wimbo wa kanisa nao ni kazi ya mtu. Kuutoa kwa ibada bila malipo ni hiari yako na ni sadaka njema, lakini jina lako ukiliacha likatwe, hata sadaka yenyewe haijulikani ni ya nani.

Sasa London. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo kwaya ilipofanya kazi ambayo karatasi peke yake isingeiweza.

Mwezi Septemba 1875 Dvořák alifiwa na binti yake mchanga, Josefa. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata akaanza kuandika rasimu ya Stabat Mater, ule utenzi wa Kilatini wa Mama aliyesimama chini ya msalaba, ambao wengi wenu mnauimba katika Njia ya Msalaba. Akauweka pembeni. Mwezi Agosti 1877 binti yake wa pili, Růžena, alikunywa fosforasi kwa bahati mbaya, akafa. Mwezi Septemba, siku ambayo yeye mwenyewe alitimiza miaka 36, mwanawe Otakar akafa kwa ndui. Watoto wote watatu. Nyumba ikabaki haina mtoto. Akarudi kwenye rasimu ile, na mwezi Novemba akawa ameikamilisha. Iliimbwa Prague tarehe 23 Desemba 1880, Simrock akaichapisha, na mwaka 1883 kwaya moja ya London ikaiimba kutoka kwenye karatasi, mtunzi akiwa kwao. Waingereza wakaguswa mno hata wakamwalika aje aiongoze mwenyewe.

Tarehe 13 Machi 1884 alisimama katika Royal Albert Hall. Aliwaandikia watu wa nyumbani hesabu ya waimbaji, na kama mwalimu wa kwaya naisoma hesabu hiyo kwa wivu: sauti ya kwanza 250, sauti ya pili 160, sauti ya tatu 180, sauti ya nne 250. Jumla 840. Sisi tukipata wanne wa sauti ya tatu tunamshukuru Mungu. Mtoto wa mchinja nyama wa Nelahozeves akainua fimbo mbele ya watu hao wote.

Walikuwa nani, hao 840? Uingereza ya wakati ule ilikuwa imejaa kwaya za makarani, mafundi, walimu na wafanyakazi wa viwandani. Wengi wao walijifunza kusoma muziki kwa solfa, do re mi ile aliyoieneza John Curwen baada ya kuichukua kwa mwalimu mmoja mwanamke, Sarah Glover wa Norwich. Solfa hiyohiyo ndiyo wamisionari waliyoileta Afrika, ndiyo iliyoandikwa ubaoni katika shule za misheni, na ndiyo bibi zenu waliyoisoma. Kwa hiyo msije mkadhani kwamba kile tunachofundisha Jumatano jioni, chini ya taa inayozimikazimika, ni muziki wa daraja la pili. Waimbaji waliomfanya Dvořák akapata jina Uingereza walikuwa watu wa do re mi.

Baada ya hapo milango ilifunguka mfululizo. Tamasha la Birmingham lilimwagiza kazi kwa mwaka 1885, Leeds kwa mwaka 1886, na mwaka 1891 Birmingham tena ikapata Misa yake ya Wafu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Cambridge kikampa shahada ya heshima ya udaktari. Angalieni mfuatano huo: ni kwaya, kwaya, kwaya. Vienna, iliyokuwa mlangoni kwake, ilimsumbua zaidi. Wapigaji wa okestra yake kubwa walisita kupiga simfonia ya sita ya Mcheki, hata ikapigwa kwanza Prague mwaka 1881.

Habari za Marekani mnazijua, nitazigusa tu. Bibi Jeannette Thurber wa New York alikuwa na chuo cha muziki kilichopokea wanawake na Wamarekani weusi, akamwajiri Dvořák awe mkuu wake kwa dola 15,000 kwa mwaka. Alifika Septemba 1892. Kijana mmoja mweusi wa chuo hicho, Harry Burleigh, alikuwa akimwimbia nyimbo za kiroho za watumwa, na Dvořák akatangaza waziwazi magazetini kwamba muziki wa Marekani ujengwe juu ya nyimbo hizo. Mzungu wa Ulaya, mwaka 1893, akisema hivyo! Wengi walimkasirikia. Lakini si ajabu kwa mtu ambaye mwenyewe alitoka katika watu waliodharauliwa lugha yao. Simfonia yake ya tisa, Kutoka Ulimwengu Mpya, ilipigwa Carnegie Hall tarehe 16 Desemba 1893 na kushangiliwa mno.

Na likizo yake ya mwaka huo alikwenda wapi? Alikwenda Spillville, kijiji cha wahamiaji wa Kicheki huko Iowa, akawa anapiga kinanda katika misa ya asubuhi kama alivyofanya Prague alipokuwa hana kitu. Mtu wa dola 15,000! Alipenda pia njiwa, na alipenda magari moshi kupita kiasi. New York alipozuiwa kuingia kwenye majukwaa ya stesheni alihamia bandarini kutazama meli. Angeishi hapa Mwanza tungemtafuta kila jioni bandarini, akihesabu mabehewa na kuuliza meli ya Bukoba inaondoka saa ngapi.

Nimebakiwa na jambo moja, nalo ni la kazi yetu ya leo. Mwaka 1887, akiwa tayari ameshashangiliwa London, rafiki yake Josef Hlávka, msanifu wa majengo, alimwomba Misa kwa ajili ya kikanisa kidogo cha nyumbani kwake Lužany. Hakukuwa na okestra, hakukuwa na waimbaji wa mshahara. Dvořák akatunga Misa katika D kwa kwaya na kinanda peke yake. Ilipoimbwa tarehe 11 Septemba 1887, mke wake Anna na mke wa Hlávka walikuwa miongoni mwa walioimba sehemu za mwimbaji mmoja mmoja (solo). Simrock hakuitaka. Novello wakaichukua, wakataka iwe na okestra, na mwaka 1893 ikasikika London. Kwa hiyo ile ya kikanisa kidogo ndiyo ya asili, na inafaa kabisa kwaya ya watu 20 yenye kinanda kimoja.

Nimeleta nakala zake, safi, zimechapwa upya, jina la mtunzi liko juu na mashine haijalikata. Makatibu wa kwaya naomba mzigawe: kwaya mchanganyiko, kila sauti nakala sita. Mpiga kinanda wetu asipige kwanza. Tutasoma Kyrie, yaani "Bwana utuhurumie", kwa solfa, polepole, kila sauti peke yake tukianza na ya nne, kisha tutaunganisha. Baada ya chakula kila mtunzi atatoa wimbo wake mmoja aliokuja nao, ataukabidhi kwa kwaya isiyo ya kwake, na hataruhusiwa kuuelezea. Watausoma kama karatasi inavyosema. Sauti ya nne, simameni.